Pesa mfukoni, hasara ukutani: hesabu ya ujenzi iliyomtoa shemeji michikichi

MWEZI Agosti mwaka 2023 shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, aliuza kipande chake cha michikichi kilichopo kati ya Rumonge na Nyanza-Lac. Siku hiyo hiyo alilipa vibarua, akamlipa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kisha akarudi nyumbani kwa miguu kwa sababu pikipiki ilikuwa imeuzwa wiki mbili kabla. Kazi aliyoikamilisha, fremu tatu za maduka katika senta moja isiyo mbali na mpaka wa Mugina, ilisifiwa na kila aliyepita. Kuta zimenyooka, bati limekaa, sakafu inang'aa. Na ndiyo iliyomfilisi.

Wanaokifahamu kisa cha sisi watoto wa wakimbizi wa 1972 wataelewa kwa nini dada alilia. Kipande kile hakikununuliwa. Kilikuwa sehemu ya shamba la baba yake shemeji, na tulipotoka Tanzania mwaka 2008, pamoja na wengine zaidi ya 50,000 waliorejea miaka ile kutoka makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, tulikuta watu wengine wakiishi pale. Ilichukua miaka ya vikao na usuluhishi mpaka wakakubali kugawana. Nusu ikabaki kwao, nusu ikarudi kwake. Nusu hiyo ndiyo iliyoondoka, bila kesi, kwa sababu ya hesabu mbaya ya tofali na saruji.

Naandika habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, nawaona wenzangu warejeaji wengi wanaoishi kwa mwiko na timazi, na wafanyabiashara wa mpakani wengi wanaowapa kazi, wote wakifanya kosa lile lile. Ya pili ni aibu yangu mwenyewe. Bei ya kazi ile niliipanga mimi, mwalimu wa hesabu.

Karatasi moja ya daftari

Nilisoma Ulyankulu, mkoani Tabora, kwa mtaala wa Tanzania. Hesabu za faida na hasara tulizifanya kwa Kiswahili tangu shule ya msingi: Juma amenunua maembe kwa shilingi kadhaa, ameyauza kwa kadhaa, je, amepata faida au hasara? Hesabu ile ni nzuri kwa maembe. Juma ananunua asubuhi, anauza mchana, jioni anahesabu. Pesa iliyozidi mtaji ni faida, na hakuna ubishi.

Februari 2023 shemeji alinijia na ramani ya fremu tatu. Mteja wake alikuwa mama mmoja mfanyabiashara, anayeleta vitenge na vyombo vya plastiki kutoka Kigoma kupitia Manyovu. Nilikaa jioni moja na taa, nikajaza karatasi moja ya daftari: mawe ya msingi, matofali, saruji, nondo, mbao, mabati, milango, siku za vibarua. Nikapata gharama ya faranga milioni 20.4. Tukaongeza faida, tukamwambia mama milioni 24. Hiyo ni faida ya milioni 3.6, yaani asilimia 15 ya bei. Mama hakubishana sana. Sasa najua kwamba mteja mzoefu asipobishana, fundi anatakiwa kurudia hesabu.

Nilivyosahau ni hivi: maji, ambayo yalibidi kununuliwa kwa madumu. Mirunda ya jukwaa. Mlinzi wa usiku. Matoroli mawili ya kukodi. Safari za kwenda kufuata vifaa. Na kubwa kuliko yote, sikuandika ujira wa shemeji mwenyewe, kana kwamba angeishi kwa hewa miezi minne akisubiri faida. Vitu hivi peke yake vilizidi milioni moja. Havionekani ukutani, ndiyo maana havikuonekana kwenye karatasi.

Bei tuliigawa kwa hatua. Msingi milioni 5. Kuta mpaka usawa wa lenta milioni 7. Lenta na paa milioni 7.5. Plasta, sakafu na milango milioni 4.5. Namshukuru Mungu tuliigawa hivyo, maana ndiyo iliyotuwezesha baadaye kujua maji yalianza kuvuja wapi.

Wiki ya tano

Kazi ilianza mwanzoni mwa Machi. Mama alitoa utangulizi wa asilimia 40, milioni 9.6, na mwishoni mwa mwezi akaongeza milioni 4. Jumla milioni 13.6. Wiki ya tano ilipofika, shemeji alikuwa ametumia milioni 9.1 na mfukoni alikuwa na milioni 4.5. Aliniita, akazipanga noti mezani.

"Mwalimu, nusu ya kazi bado, na tazama kilichobaki. Si nilikwambia ujenzi unalipa?"

Nami nikacheka naye. Wiki ile akanunua pikipiki iliyotumika kwa milioni 3.8, apunguze gharama za safari na jioni abebe abiria.

Msomaji, naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi wanapozama. Siku ile, ni kazi ya kiasi gani iliyokuwa imesimama kiwanjani? Msingi ulikuwa umekwisha: milioni 5. Kuta zilikuwa nusu ya kimo chake, kozi kwa kozi ukizihesabu: nusu ya milioni 7, yaani 3.5. Jumla kazi iliyofanyika ilikuwa na thamani ya milioni 8.5 kwa bei tuliyokubaliana na mteja. Stoo haikuwa na kitu cha maana.

Sasa linganisha. Mama ametoa 13.6 na amepata kazi ya 8.5. Tofauti ya milioni 5.1 ni deni la fundi kwa mama, atalilipa kwa tofali na bati. Fundi ana milioni 4.5 mfukoni. Mwenye 4.5 anayedaiwa 5.1 ana hasara ya laki 6. Njia nyingine inaleta jibu lile lile: ametumia 9.1 kutengeneza kazi ya 8.5. Noti zilizopangwa mezani zilikuwa za mama, na hasara ilikuwa imeshajengwa ndani ya ukuta.

Hesabu hiyo ina mkono mrefu zaidi. Kama tungefuata karatasi yangu, kila faranga 1 ya gharama ilitakiwa kuzaa kazi ya faranga 1 na senti 18 hivi. Yetu ilikuwa inazaa senti 93. Ukiendelea kwa mwendo huo mpaka mwisho, kazi ya milioni 24 itakugharimu karibu milioni 25.7. Maana yake mwanzoni mwa Aprili, mvua ikiwa bado inanyesha na bei za vifaa zikiwa hazijaruka, hasara ya milioni 1.7 ilikuwa imeshajitangaza. Ilihitaji tu mtu mwenye tepu na kalamu. Mimi nilikuwa na vyote viwili, na nilikuwa nimekaa pale nikinywa chai.

Jambo hili si ugunduzi wangu. Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwalazimisha wakandarasi wake kupima kazi iliyofanyika dhidi ya fedha iliyotumika tangu mwaka 1967. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu iitwayo IFRS 15, iliyoanza kutumika 2018, nayo hairuhusu kampuni kuita mapato kila fedha iliyopokewa: mapato yanahesabiwa kwa kadiri kazi inavyokamilika, na utangulizi unaandikwa upande wa madeni. Wala usidhani ni ugonjwa wa mafundi wa vijijini. Kampuni kubwa ya ujenzi ya Uingereza, Carillion, ilitangaza Julai 2017 kwamba mikataba yake ilikuwa na thamani pungufu kwa pauni milioni 845 kuliko ilivyokuwa ikionyesha vitabuni. Januari 2018 ikafilisika ikiwa na fedha taslimu pauni milioni 29 tu, dhidi ya madeni yaliyokaribia bilioni 7. Walikuwa na wahasibu, wakaguzi na bodi. Shemeji alikuwa na mimi.

Ukuta unavyokula saruji

Baada ya kuuza shamba, dada alikaa karibu miezi miwili bila kuja kwangu. Alipokuja alileta daftari la matumizi la mumewe, akaliweka mezani. "Wewe ndiye mwalimu. Tuambie zilikokwenda." Hakukaa hata kunywa maji.

Nilikwenda senta nikiwa na tepu. Tofali la kuchoma tulilotumia lina sentimita 22 kwa 10.5 kwa 7. Ukilaza kwa urefu na kuacha kiungio cha sentimita 2, mita moja ya mraba ya ukuta inakula matofali 46 na lita 30 hivi za mchanganyiko wa saruji na mchanga. Viungio vya fremu zile, nilipovipima, vilikuwa sentimita 3. Hapo matofali yanashuka hadi 40 kwa mita ya mraba na mchanganyiko unapanda hadi lita 40.

Fundi akikuambia kwamba kiungio kinene kinaokoa tofali, hasemi uongo. Kwenye mita 180 za mraba tuliokoa matofali kama 1,080. Lakini tulimwaga mchanganyiko wa ziada lita 1,800, ambao kwa kipimo cha saruji moja kwa mchanga tano ni karibu mifuko 11 ya saruji. Matofali yanachomwa hapa hapa kwa udongo wetu. Saruji, iwe ya kiwanda cha Buceco cha kule Cibitoke au iliyovuka kutoka Tanzania, inakuja kwa lori na mafuta ya lori. Kwa bei za daftari lile, thamani ya mifuko 11 ilizidi ya matofali yale mara mbili. Kiungio kinene kilitokana na matofali yasiyolingana, yaliyonunuliwa kwa haraka wakati wa mvua ambapo tanuru ni chache na mnunuzi hachagui. Kumbe tungeanza Juni, wakati wa kiangazi, tungechagua.

Kipimo cha pili ni cha watu. Kuta zile zilichukua siku 21 za kazi kwa watu saba, mafundi watatu na saidia fundi wanne. Hiyo ni siku-mtu 147 kwa mita 180, au siku-mtu 0.82 kwa kila mita ya mraba. Namba hiyo peke yake haisemi kitu mpaka uwe na ya kulinganisha, na hatukuwa nayo. Lakini daftari lilionyesha siku tano ambazo vibarua walilipwa na hakuna kozi iliyopanda. Siku mbili mvua. Siku tatu lori la mchanga halikufika, maana mwaka ule uhaba wa mafuta ulikuwa umebana na dereva alilala kwenye foleni ya kituo. Saba kwa tano ni siku-mtu 35 za kutazama mawingu. Hakuna aliyeiba. Nasisitiza hili kwa sababu kila kazi ikiingia hasara huku kwetu, la kwanza kutafutwa ni mwizi, na mara nyingi anakuwa mlinzi wa usiku.

Mei 2023

Mabati, misumari na nondo za lenta tulipanga kununua mwishoni mwa Mei, ukuta ukifika juu. Mwanzoni mwa mwezi huo Benki ya Jamhuri ya Burundi ikashusha thamani ya faranga. Dola moja ikapanda kwa bei rasmi kutoka faranga 2,100 hivi hadi zaidi ya 2,800. Wafanyabiashara wa Mugina na Kobero watanicheka: bei ya mtaani ilikuwa imeshatangulia mbele siku nyingi, na wao hupima kila kitu kwa shilingi ya Tanzania kabla hawajaitaja kwa faranga. Hiyo ndiyo hoja yangu. Mama alilijua hilo, akaweka akiba yake kwenye vitenge. Sisi tuliahidi paa kwa bei ya Februari, kwa faranga, bila sharti lolote, na fedha ya paa ilikuwa imegeuka pikipiki.

Kama milioni 3.8 zile zingenunua mabati mwanzoni mwa Aprili, tungekuwa tumeweka fedha ya mteja ndani ya kazi ya mteja. Hatukufanya hivyo. Kazi ilimalizika Agosti badala ya Juni, ikiwa imegharimu milioni 27.3. Hasara milioni 3.3. Ongeza pikipiki 3.8, pengo ni milioni 7.1. Pikipiki iliuzwa milioni 2.9. Zilizobaki, milioni 4.2, zilitoka kwenye michikichi.

Mama naye hakutoka salama. Alikuwa amepanga kupangisha fremu kwa faranga 100,000 kila moja kwa mwezi. Miezi miwili ya kuchelewa ni laki 6. Aliniambia jambo ambalo sikulitegemea: "Mwalimu, mimi mzigo wangu wa vitenge nikipata asilimia nne kwa safari nashukuru, kwa sababu nakwenda mara mbili kwa mwezi. Nyinyi mlitaka kumi na tano kwa safari moja ya miezi minne, tena kwa mtaji wangu." Nilikwenda kuipiga hesabu nyumbani. Safari nane kwa nne ni 32, hata bila kuzungusha faida. Yule mama hajawahi kusikia habari ya mzunguko wa mtaji darasani, lakini anaupima kila wiki.

Nilimwuliza kama fremu zenyewe zinamlipa. Kodi ya mwaka milioni 3.6 kwa mtaji wa milioni 24, alisema, ni karibu miaka saba kurudisha, kama hazikai wazi. Kwa nini basi ajenge? "Faranga iliyogeuka ukuta hakuna wa kuishusha thamani." Hapo nilimwacha, ingawa bado sijakubaliana naye kikamilifu. Ukuta nao hupungua thamani senta ikihama, na barabara mpya huhamisha senta.

Jumamosi saa tisa

Juni 2024 shemeji alipata kazi ndogo: jiko, stoo na ukuta wa uzio kwa jirani mmoja aliyerudi kutoka Mishamo. Bei milioni 5.2. Alikuja kwangu tena. Nadhani lilikuwa jambo gumu kwake kuliko kuuza pikipiki. Tulikubaliana kwamba kila Jumamosi saa tisa alasiri nitakwenda na tepu, na kwamba hatutaandika neno "karibu kwisha". Kilichopimika kinaandikwa, kisichopimika kinasubiri Jumamosi ijayo. Na matumizi tunayaandika pamoja na tunayodaiwa dukani, hata kama hatujalipa, maana saruji ya mkopo nayo imekwisha kuwa ukuta.

Jumamosi ya kwanza haikuwa nzuri. Faranga moja ilikuwa inazaa kazi ya senti 97. Shemeji alikasirika. "Unanipima kama mwanafunzi mbele ya vijana wangu." Nilimwambia sipimi yeye, napima ukuta. Hakuridhika, akatupa tepu chini.

Jumatatu sikuwa na vipindi mpaka mchana, nikakaa chini ya mwembe na saa. Mafundi wawili wanajua kazi, mikono yao haina kosa. Lakini katika saa nne nilizotazama, walikuwa wakilaza tofali saa mbili tu. Saa mbili nyingine walisimama na mwiko mkononi wakisubiri. Saidia fundi watatu walikuwa wakifuata maji kwenye bomba la mbali, wakirudi wote kwa pamoja wakipiga soga, kisha wanachanganya, kisha ndipo wanakumbuka matofali. Kila fundi alikuwa akilaza matofali kama 190 kwa siku.

Dawa haikuwa kelele. Tulikodi mapipa mawili, yakajazwa jioni. Matofali yakapangwa kandokando ya ukuta na kulowekwa kabla ya watu kuondoka. Mmoja akapewa kazi ya kuchanganya peke yake, na mchanga ukapimwa kwa boksi la mbao lenye ujazo sawa na mfuko mmoja wa saruji badala ya koleo, kwa sababu koleo la asubuhi na koleo la saa nane havilingani. Kuanzia siku ya nne kila fundi alilaza matofali 270. Kuta zote, mita 95 za mraba, zilichukua siku tisa kwa watu watano: siku-mtu 45, au 0.47 kwa mita. Kumbuka kule senta ilikuwa 0.82. Mafundi walikuwa wale wale.

Mwaka 2017 kampuni ya ushauri ya McKinsey iliandika kwamba tija katika ujenzi duniani ilikuwa imekua kwa asilimia 1 tu kwa mwaka katika miongo miwili, wakati uchumi wa dunia kwa jumla ulikua kwa asilimia 2.8. Nilipoisoma nilijiuliza wenzetu wenye winchi na kompyuta wanapotelea wapi. Baada ya asubuhi ile chini ya mwembe nadhani najua walau sehemu yake: fundi amesimama, mwiko mkononi, anasubiri maji.

Kazi ile ilikwisha kwa milioni 4.68, ndani yake ukiwemo ujira wa shemeji wa kila siku kama fundi. Faida ikawa laki 5 na elfu 20, asilimia 10, kwa wiki sita. Kwa wengine hizo ni fedha za soda. Lakini zilikuwa faida kweli; hazikuwa na mwenyewe mwingine.

Tunavyoandika sasa

Wengi wameniomba niwaonyeshe mkataba tunaotumia. Hauna maajabu. Umeandikwa ukurasa mmoja na nusu kwa Kiswahili na Kirundi. Bei tunayotaja inaishi siku 14, ikipita tunaandika nyingine. Bei za saruji, mabati na nondo za siku ya kusaini zinaandikwa chini, na zikipanda kwa zaidi ya asilimia 10 kabla ya siku ya kununua, mteja na fundi wanagawana ziada nusu kwa nusu. Zikishuka, vivyo hivyo. Utangulizi ni asilimia 25, na kabla ya kitu kingine chochote unanunua vya kutoka nje, ambavyo mteja anavifungia stoo kwake mwenyewe. Malipo mengine yanafuata hatua iliyopimwa. Asilimia 5 inabaki kwa mteja mpaka mvua za kwanza zipite, aone kama paa linavuja.

Kwa mrejeaji anayejenga nyumba yake mwenyewe na kumwachia ndugu usimamizi, hatua hizo hizo zinamfaa upande wa pili. Ukitoa fedha zaidi ya kazi iliyosimama, umemkopesha fundi bila riba na umempa kishawishi cha pikipiki. Usipotoa kabisa mpaka mwisho, atakopa dukani kwa bei ya juu na atakurudishia bei hiyo ndani ya ukuta kwa kupunguza saruji.

Mwezi uliopita mama wa vitenge alimwita shemeji. Anataka fremu ya nne, ubavuni mwa zile tatu. Tulikwenda wote, na dada pia, ambaye sasa ndiye anayetunza daftari. Waliongea bei kwa muda mrefu. Safari hii mama alibishana kweli kweli, hata akatishia kumwita fundi kutoka Kasulu. Walipokubaliana alitoa utangulizi pale pale, akauhesabu mara mbili. Shemeji alimpa dada zile noti. Dada akafungua daftari, akauliza aandike upande gani.

"Kushoto," shemeji alisema. "Pale penye madeni."